Kipimo cha Kupuliza: Mapafu Yako Yanabeba Hewa Kiasi Gani?

Kila msimu wa vumbi watu wengi hapa Nakivale wanafika kwenye vituo vya afya wakikohoa, wakibanwa kifua na kukosa pumzi. Baadhi yao hupewa barua ya rufaa, kwa kawaida kuelekea Mbarara, ili wakachunguzwe zaidi, na mmojawapo wa uchunguzi huo unaweza kuwa kupima mapafu kwa mashine ya kupuliza. Wakirudi kijijini, sisi VHT ndio tunaoulizwa. Ile mashine inatafuta nini? Kwa nini nililazimishwa kupuliza mara tatu, mara nne, mpaka kichwa kikazunguka? Hizi namba kwenye karatasi zina maana gani?

Kabla ya kujibu, kuna maneno mawili yanayozunguka sokoni na kwenye foleni ya maji ambayo lazima tuyaondoe njiani.

La kwanza ni kwamba mashine hii ni ya kutafuta kifua kikuu, kwa hiyo anayeitwa kupuliza tayari ana TB. Si kweli. Kifua kikuu kinatafutwa kwenye makohozi, na mara nyingine kwa picha ya eksirei. Wale wanaopimwa afya kabla ya kusafiri kwenda nchi ya tatu hupigwa picha ya kifua, na nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Mashine ya kupuliza haioni kijidudu chochote. Inapima hewa tu: ni kiasi gani na inatoka kwa kasi gani.

La pili ndilo baya zaidi. Watu wanaambiana kwamba ukipuliza kwa udhaifu utaandikwa mgonjwa mahututi, na jina lako litasogea mbele kwenye orodha ya kusafiri. Ndugu yangu, mashine hii haidanganyiki kirahisi hivyo. Kila unapopuliza inachora mstari. Mtu anayetoa nguvu zake zote, hata kama ni mgonjwa sana, huchora mistari inayofanana, kwa sababu mapafu yake ni yale yale. Anayejizuia huchora mstari huu hivi na ule vile, kwa kuwa ni vigumu sana kujizuia kwa kipimo kile kile mara tatu. Mpimaji akiona mistari haikubaliani anaandika kwamba kipimo hakikufaa. Unarudi nyumbani umepoteza siku nzima, nauli imekwenda, na hakuna aliyejua kifua chako kina nini. Na hata ikitokea udanganyifu ukapita, utapewa dawa za ugonjwa usio nao, na ule ulio nao utabaki.

Sasa tuingie ndani ya kifua.

Mapafu yako ni kama mti uliopinduliwa. Shina ni bomba la hewa linaloshuka kutoka kooni. Linagawanyika matawi mawili, moja kila upande, na kila tawi linaendelea kugawanyika mpaka mirija inakuwa myembamba sana. Mwishoni kabisa kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Huko ndiko hewa safi inaingia kwenye damu na hewa chafu inatoka.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Hicho ndicho kiasi cha hewa ambacho mtu mzima huvuta na kutoa kila pumzi akiwa ametulia, labda mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ni kidogo, sivyo? Lakini una akiba. Ukivuta pumzi mpaka kifua kijae kabisa, halafu ukaitoa yote mpaka tumbo libonyee, hewa itakayotoka kwa mtu mzima mwenye afya ni kati ya lita 3 na 5 hivi, kulingana na urefu, umri, na kama ni mwanamke au mwanamume. Akiba hiyo ndiyo unayoitumia unapobeba jerikani ya lita 20 ukipanda kilima. Mgonjwa wa mapafu akiwa amekaa anaweza kuonekana mzima kabisa, kwa sababu chupa yake ya nusu lita bado ipo. Kilichopungua ni akiba. Ndiyo maana jirani zake wanamwita mvivu.

Kuna hewa nyingine ambayo haitoki hata ufanyeje. Ni zaidi kidogo ya lita moja, nayo hubaki ndani daima. Ni vizuri ibaki, maana ingetoka yote, vile vifuko vidogo vingejikunja na kugandamana. Mashine ya kupuliza haiwezi kuipima hewa hiyo, kwa sababu haitoki. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Aliyesoma sekondari huenda analikumbuka jaribio la biolojia: unajaza maji kwenye jerikani, unaifunika na kuipindua ndani ya beseni la maji, unapitisha mpira chini, unavuta pumzi yote na kupuliza. Hewa inapanda, maji yanashuka, na unasoma lita zako. Mashine ya kwanza kabisa ya kazi hii ilikuwa na wazo hilo hilo. Ilitengenezwa na daktari Mwingereza, John Hutchinson, ambaye mwaka 1846 alitangaza vipimo vya watu zaidi ya 2,000 aliowapulizisha ndani ya chombo kilichoelea juu ya maji. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba watu warefu wana hewa nyingi kuliko wafupi. Mashine ya siku hizi huitwa spirometa, na nyingine ni ndogo ya kushika mkononi. (Vijana, mkijaribu la jerikani, kila mtu awe na mpira wake. Mpira mmoja kupita midomo kumi ni njia ya kugawana magonjwa.)

Lakini kujua lita peke yake hakutoshi. Fikiria jerikani mbili za lita 20, zote zimejaa maji. Moja ina mdomo mzima, nyingine mdomo wake umezibwa nusu kwa kitambaa. Ukizimwaga, zote zitatoa lita 20, lakini ya pili itachukua muda mrefu. Sasa fikiria jerikani ya tatu, ya lita 5, mdomo wake wazi kabisa. Hiyo humwaga haraka, ila maji yenyewe ni machache. Magonjwa mengi ya mapafu yanayoonekana kwenye mashine hii yanafanana na jerikani ya pili au ya tatu: ama mirija imebana, ama mapafu yenyewe yamekuwa madogo au magumu.

Ndiyo sababu karatasi yako ina namba mbili kubwa. Ya kwanza imeandikwa FVC. Hiyo ni hewa yote uliyoitoa kwa nguvu, tangu kifua kujaa mpaka kuisha. Ya pili imeandikwa FEV1, nayo ni ile hewa iliyotoka katika sekunde moja ya kwanza tu. Daktari hugawanya ya pili kwa ya kwanza. Kijana mwenye mapafu mazima hutoa robo tatu au zaidi ya hewa yake yote ndani ya sekunde hiyo moja.

Tuchukue mfano. Karatasi inasema FVC ni lita 3.00 na FEV1 ni lita 1.65. Gawanya, unapata 0.55. Maana yake, kati ya kila lita 100 ni 55 tu zinazotoka kwa wakati. Jerikani ni kubwa, mdomo umebana. Karatasi nyingine inasema FVC 1.90 na FEV1 1.60, ukigawanya ni 0.84. Mdomo uko wazi, bali jerikani inaonekana ndogo. Nimesema inaonekana kwa sababu ya ile hewa isiyotoka. Huenda mapafu ni madogo kweli, au huenda ni makubwa lakini hewa nyingi imenaswa ndani na haitoki. Mashine ya kupuliza haiwezi kutofautisha hayo mawili. Hapo daktari ataagiza eksirei au kipimo kikubwa zaidi cha kupima hewa yote ya mapafu. Usifikiri anakuzungusha.

Kama mdomo wa jerikani umebana, hatua inayofuata ni dawa. Unavuta dawa ya kufungua mirija, salbutamol, kwa ile pampu ndogo ya inhela. Unasubiri kama dakika 15, halafu unapuliza upya. Tuseme yule wa 1.65 sasa amefika 2.05. Ameongeza lita 0.40, karibu robo ya alichokuwa nacho. Kwa miaka mingi madaktari wamehesabu kwamba ongezeko la asilimia 12 ambalo pia ni lita 0.20 au zaidi ni kubwa la kutosha, na tangu 2021 kuna hesabu mpya inayolinganisha ongezeko na kiwango kinachotarajiwa kwa mtu wa umri na urefu wako. Kwa hesabu zote mbili, mirija inayofunguka kwa kiasi kikubwa hivyo inaelekeza kwenye pumu. Ikibaki imebana hata baada ya dawa, yaani ile hesabu ya kugawanya ikabaki chini ya 0.70, daktari atafikiria ugonjwa sugu wa kubana mirija ya hewa, ule wa wavutaji wa tumbaku na wa waliopikia kuni miaka mingi. Kuna watu wenye yote mawili.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ya akina mama. Hospitali nyingi zikiona mtu ana kikohozi sugu zinauliza kwanza kama anavuta sigara. Mama wa hapa atajibu hapana, na ni kweli. Lakini amekaa mbele ya mafiga matatu tangu akiwa na miaka saba, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na mvua ikinyesha huingiza hata mbabula ya mkaa ndani ya nyumba. Moshi ni moshi. Ukiulizwa kuhusu sigara, usiishie kwenye hapana. Sema umepikia kuni miaka mingapi na mahali gani.

Yuko mama mmoja upande wa Juru ambaye alitibiwa kifua kikuu, akameza dawa miezi sita yote, na makohozi yake yakapimwa yakawa safi. Mwaka uliofuata akaanza tena kukosa pumzi. Jirani wakasema TB imerudi. Mkwe wake akawahamisha watoto wasilale naye. Mara tatu alipewa dawa za kuua wadudu wa kifua, na mara tatu hazikusaidia. Makohozi yake yalipimwa tena, hakuna kitu. Alipopulizishwa mashine, mirija ilionekana imebana. Kifua kikuu kilikwisha, lakini kiliacha makovu, na makovu hayaambukizi mtu. Leo anatumia inhela, na watoto wamerudi. Hajapona kabisa, ila sasa anafika kwenye bomba na kurudi, akipumzika mara moja tu njiani. Kama umemaliza dawa za TB na pumzi bado fupi, rudi kituoni uangaliwe makohozi kwanza, na uulize pia kuhusu kupimwa mapafu.

Siku ya kipimo

Usivute sigara wala shisha angalau saa moja kabla, usinywe pombe siku hiyo, na usifanye kazi nzito saa moja kabla. Kula kidogo, maana tumbo lililojaa huzuia kifua kushuka. Vaa nguo isiyobana kifua wala kiuno. Akina mama, kitenge kilichofungwa kwa nguvu kilegezwe. Kama unatumia inhela ya salbutamol, huenda ukaambiwa usiivute kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kupima. Ukibanwa njiani, ivute bila woga, kisha mwambie mpimaji umeivuta saa ngapi.

Utakaa kwenye kiti, miguu chini, mgongo wima. Utawekewa kibanio puani na kupewa kipande kipya cha kuweka mdomoni. Vuta pumzi mpaka usiweze kuongeza hata tone, zungushia midomo vizuri, halafu puliza ghafla kwa nguvu zote kama unayezima moto, na uendelee, uendelee, mpaka mpimaji aseme basi. Hiyo sehemu ya kuendelea ndiyo watu wengi wanaikatisha. Kwa mtu mzima inaweza kuchukua sekunde sita au zaidi, na ukibanwa mirija ndiyo inakuwa ndefu. Mpimaji atakupigia kelele: Puliza, puliza, puliza! Mzee mmoja alikasirika kwamba kijana mdogo anamfokea mbele ya watu. Hafokei, wazee wetu. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Inatakiwa mistari mitatu mizuri, na ile miwili bora isitofautiane zaidi ya lita 0.15. Ndiyo maana unarudia. Kwa kawaida hawavuki mara nane. Ukiona kizunguzungu, sema upumzike. Kitapita.

Kuna watu wasiopulizishwa kwanza. Sema mapema kama unakohoa damu, kama una TB ambayo bado haijatibiwa, kama umepasuliwa kifua, tumbo au jicho hivi karibuni, kama umepatwa na shambulio la moyo, au kama una mimba kubwa. Mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano au sita mara nyingi hawezi kufuata maelekezo, kwa hiyo daktari atamchunguza kwa njia nyingine.

Asilimia inatoka wapi?

Pembeni ya lita utaona asilimia. Mashine inachukua umri wako, urefu wako na jinsia yako, inakadiria mtu mzima wa afya kama wewe angetoa lita ngapi, halafu inakulinganisha naye. Kwa hiyo umri ukikosewa, asilimia nayo inakosewa. Wengi wetu tarehe zetu za kuzaliwa kwenye karatasi ni 1 Januari kwa sababu zilikadiriwa siku ya kuandikishwa. Mwambie mpimaji kama umri wako wa kweli unaujua vizuri zaidi. Urefu nao upimwe bila viatu, na kama mgongo umepinda au huwezi kusimama, upimwe urefu wa mikono iliyonyooshwa pande zote mbili.

Kuna kitu cha nne, nacho wengi hawajaambiwa. Katika miaka ya 1850 daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, ambaye alitetea utumwa, alidai kwamba mapafu ya watu weusi yana upungufu kwa asili. Wazo hilo liliingia kwenye hesabu na kukaa humo muda mrefu. Mashine nyingi zilikuwa zikiuliza rangi ya mtu, kisha zinapunguza kiwango cha mtu mweusi kwa asilimia 10 hadi 15. Matokeo yake, mgonjwa mweusi aliyepungukiwa hewa angeweza kuambiwa yuko sawa, wakati mzungu mwenye lita zile zile angeambiwa ni mgonjwa. Mwaka 2022 ilitolewa hesabu mpya isiyouliza rangi, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kilishauri itumike. Mashine za zamani bado zina hesabu za zamani ndani yake. Kwa hiyo ukipimwa hapa ukaambiwa asilimia 85, halafu ukapimwa nchi nyingine ukaambiwa 74, usiseme mapafu yameoza njiani. Angalia lita kwanza. Kama lita hazijabadilika, kilichobadilika ni hesabu.

Mwisho, kuhusu kile kibomba kidogo chenye mshale, ambacho wauguzi wanakiita pikiflo. Hakipimi lita zote. Kinapima kasi kubwa kabisa ya pumzi yako, kwa lita kwa dakika. Si badala ya spirometa, lakini ni rahisi na kinaweza kukaa nyumbani kwa mgonjwa wa pumu. Simama, rudisha mshale chini, vuta pumzi yote, puliza mara moja kwa kishindo. Fanya mara tatu, andika ile kubwa. Fanya asubuhi na jioni, na daftari liende nawe kliniki. Pumu ina tabia ya kupanda na kushuka, na siku unayofika hospitali inaweza kuwa siku nzuri ambapo hata spirometa haioni kitu. Daftari la wiki mbili huonyesha kile ambacho siku moja imeficha. Ukishajua namba yako bora ya siku za afya, kushuka chini ya asilimia 80 yake ni onyo. Chini ya nusu yake, vuta dawa yako na uje kituoni mara moja.

Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au mwenye midomo iliyogeuka rangi, au mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, hahitaji kipimo cha kupuliza. Anahitaji kupelekwa sasa hivi, hata kama ni usiku. Gongeni mlango wa VHT wa kijiji chenu.

Na ile karatasi ya kipimo, omba nakala yako. Iweke pamoja na karatasi zako za usajili kwenye mfuko wa plastiki, maana daktari anayefuata, awe wa hapa au wa mbali, atataka kulinganisha.